Mbwa Aliyetukatisha Safari Mkalama

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu ananiuliza kama ni kweli nilinawa mikono mara saba mbele ya wazungu. Ni kweli, nilinawa. Lakini nimechoka kuisimulia habari hii vipande vipande huku napima mchele, mteja mmoja akiondoka na mwanzo na mwingine akiondoka na mwisho. Basi nimekaa chini kuwaandikia yote, marafiki zangu mlioniuliza kwa nia njema, na nyinyi mliouliza kwa kunicheka pia.

Kutoka Unyambwa

Mpwa wangu Hamisi ndiye anayesafirisha wageni, si mimi. Wiki ile aliteguka mguu, na wageni wake walikuwa wameshashuka kwenye basi. Akaniomba niende badala yake kwa sababu nilifundisha Kiingereza sekondari miaka mingi kabla sijarithi duka la baba. Nilikubali upesi kuliko alivyotegemea. Nimezaliwa Singida mjini, nimeolewa na kufiwa na mume humo humo mjini, na nilikuwa sijawahi kufika Nduguti, makao ya wilaya ya Mkalama, hata siku moja.

Wageni walikuwa wawili, mtu na mkewe, Waholanzi waliostaafu. Mume, Pieter, alikuwa msambaza barua. Mke, Anneke, alikuwa mkutubi. Dereva alikuwa Elia, Mnyiramba, Mlutheri, mtu wa maneno machache. Mpango ulikuwa twende Msitu wa Mgori, kisha Nduguti, kisha mbele zaidi tuwaone Wahadzabe.

Tulipanga kuondoka alfajiri. Elia akasema tupitie kwake Unyambwa kuchukua tairi la akiba, dakika tano tu. Mkewe akatoka na thermosi ya chai ya maziwa na sinia la viazi vitamu, akasema hawezi kuonekana na majirani akiruhusu wageni wapite mlangoni na njaa. Tukakaa. Baada ya viazi yakaja maandazi, na baada ya maandazi ikabidi tukaone nguruwe wake. Tuliondoka Unyambwa saa tano, na tairi tukalisahau.

Mgori

Kabla hatujafika Mgori niligundua kwamba Pieter alikuwa amejifunza neno moja la Kiswahili na kulipenda mno. Mtu fulani alimwambia kwamba shikamoo ni neno la heshima, naye akaamua kumheshimu kila mtu. Alimwamkia muuza mahindi na mchunga mbuzi, na hata kitoto kilichofungwa mgongoni kwa mama yake. Mama yule alicheka mpaka akakaa chini. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua kunde ndiye aliyeokoa hali. Alimtazama Pieter na mvi zake zote, akaitika kwa utulivu, "Marahaba, mwanangu," akaendelea na kunde zake. Pieter alifurahi kuitwa mwana.

Tulitembea msituni na kijana wa kijiji mpaka alasiri, tukarudi kula kwake. Mama yake alitupikia ugali wa uwele, mlenda na kuku wa kienyeji. Anneke alijaribu kula mlenda kwa uma. Kila alipouinua, ulirudi kwenye bakuli wenyewe. Nikamwonyesha namna ya kubonyeza tonge na kuchota, naye akaweza, akamaliza, akaomba tena. Tangu hapo nilimpenda.

Ila baada ya chakula alinichoma kidogo. Alitoa kidonge, akakimeza, akaniambia wao humeza kila siku ili wajikinge na malaria yetu, akauliza sisi tunafanyaje. Hakuwa na ubaya, lakini lile neno "yenu" alilolitumia lilinikera. Nikajibu kwamba tunalala kwenye neti na tunamwomba Mungu. Ndani ya gari nilikuwa bado najibishana naye moyoni.

Baada ya kuiacha lami

Kesho yake tulirudi barabara kuu mpaka Iguguno, tukaiacha lami na kuelekea Nduguti. Mashamba ya alizeti yalikuwa yamechanua pande zote. Mbele, mawingu yalikuwa meusi. Tulivuka korongo moja lenye maji ya kifundo cha mguu. Baada ya mwendo wa saa moja tukafika korongo la pili, na hilo halikuvukika. Maji mekundu yalikuwa yakibeba matawi na ndoo ya mtu.

Tulisubiri na watu wengine: waendesha bodaboda, mama mmoja na magunia yake ya karanga, na dada wa makamo aliyevaa buti za mpira akiwa na pikipiki yenye sanduku nyuma. Baadaye Elia akasema turudi. Tukarudi, tukakuta lile korongo la kwanza nalo limejaa. Tulikuwa katikati ya maji mawili.

Elia alikumbuka kwamba kati ya makorongo hayo kuna kijiji ambako ameolewa binamu yake, Mama Joyce. Sitakitaja kwa jina, kwa sababu mtu mmoja aliniomba nisikitaje, na mtamjua mbele. Mama Joyce alitupokea kama watu waliokuwa wakingojewa. Alimhamisha mama mkwe wake kwenye chumba cha watoto, akawapa wageni kitanda cha bibi. Nilimwambia tunaweza kulala garini. Akanitazama kama nimemtukana.

Kijijini, katikati ya makorongo

Mvua haikukatika siku ya pili. Alasiri tulikuwa barazani. Joyce, binti wa miaka tisa, alikuwa akimfundisha Anneke kubangua karanga bila kuzivunja. Bibi, anayesema Kinyiramba tu, alikuwa akimsahihisha Anneke kwa lugha hiyo, na Anneke akimjibu kwa Kiholanzi, na walikuwa wakielewana vizuri kuliko mimi na Elia.

Akaja mbwa wa jirani. Joyce alimjua tangu akiwa mtoto wa mbwa, akamwita jina lake. Lakini mbwa alikuwa akitembea kama mlevi, taya limelegea, udenda unaning'inia. Hakusimama. Alimrukia Joyce, akamng'ata mkono juu ya kiwiko, asiachie. Pieter alimpiga kwa begi lake mpaka akaachia, akamgeukia yeye na kumng'ata kiganja. Wanaume wakaja na fimbo wakamuua pale pale uani.

Mwenye mbwa, Mzee Shila, alikuja mbio. Alisimama mbele ya yule mbwa, na hakuna aliyemsemesha.

Bibi tayari alikuwa ameshika ugoro, anataka kuupaka kwenye jeraha la mjukuu wake. Hapo ndipo yule dada wa buti za mpira alipoingia uani. Kumbe alikuwa Neema, afisa mifugo, naye alikwama kijijini kama sisi. Alimwangalia mbwa kwa mbali, akakataza watu wasimguse. Akapiga goti mbele ya bibi, akamwamkia, akamwomba waongee. Elia alinitafsiria. Neema hakumwambia bibi kwamba ugoro ni ujinga. Alimwambia sumu ya mbwa yule inakimbia kwa maji na sabuni tu, tena maji mengi yanayotiririka kwa robo saa nzima, na kwamba anahitajika mtu mwenye mkono usiotetemeka wa kuyamimina. Bibi akauweka ugoro chini, akashika jagi.

Mimi nilishika mkono wa mtoto na sabuni. Anneke alimwosha mumewe. Bibi alimimina maji kwa zamu, huku na huku, na jagi likiisha mama mtu alileta jingine. Joyce alilia kwanza, kisha akaacha. Alikuwa ananitazama usoni aone kama naogopa. Nilikuwa naogopa sana. Niliwahi kusikia, kama mlivyosikia nyinyi, jinsi anavyokufa mtu mwenye kichaa cha mbwa, na kwamba ugonjwa ukishaanza kujionyesha hakuna dawa.

Tulipomaliza, ndipo nikanawa. Mate ya mbwa yalikuwa yamenifika mpaka kwenye kiwiko, na sisi Waislamu tumelelewa hivyo: mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nilichota udongo uani nikanawa. Neema alinichungulia mikono kwanza aone kama sina mchubuko, kisha akasema katika watu wote waliopo mimi ndiye mwanafunzi bora. Hiyo ndiyo habari mliyoisikia. Sasa mnajua ilikuwaje.

Neema alituambia wote wawili wanahitaji sindano, na upesi. Joyce hakuwahi kuchanjwa. Pieter alichanjwa kwao kabla ya safari, kwa hiyo alikuwa na kinga ya kuanzia. Lakini maji yalikuwa bado juu. Mama Joyce alimtuma Elia mara tatu kwenda kuangalia korongo, na mara tatu Elia alirudi akitikisa kichwa. Chakula kiliwekwa, hakuna aliyekula.

Kuvuka kwenda Nduguti

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua mpaka magotini. Watu wa kijiji walikuja kutusukuma bila kuitwa. Niliwaona wakiwa wamezama kwenye matope, na miongoni mwao alikuwa Mzee Shila, peke yake upande mmoja wa gari. Tukavuka. Pikipiki ya Neema ilibebwa mabegani na wanaume wanne.

Hospitali ya Nduguti ilitupokea vizuri. Daktari alikuwa kijana, akasikiliza maelezo ya Neema, akasema dozi iliyopo kwa siku ile ni ya mtu mmoja. Nyingine zingefika kesho kwa basi, ndani ya sanduku la barafu.

Mama Joyce akasema polepole, "Basi aanze mgeni."

Sikuamini. Nilimshika mkono nikamuuliza kama amesikia vizuri alichoambiwa na daktari. Akasema amesikia. Mgeni aliumia nyumbani kwake, akimtetea mtoto wake. Angewezaje kumwacha akae, mtoto atangulie? Machozi yalikuwa yanamtoka anaposema hivyo, lakini hakurudisha neno lake. Niliwatafsiria Pieter na Anneke. Anneke alifunika uso. Pieter alianza kusema hapana, hapana, kwa Kiingereza na kwa Kiholanzi.

Daktari akawakatiza wote. "Mama, hapa hatugawi pilau," alisema. "Hapa anatangulia aliye kwenye hatari kubwa. Mgeni ana kinga aliyotoka nayo kwao. Mtoto hana kitu."

Joyce alichomwa sindano. Pieter alichomwa kesho yake saa nne, basi lilipofika, naye alimshukuru kondakta kuliko daktari.

Siku tatu Nduguti

Ilibidi tungoje sindano ya pili. Wageni waliwalipia Joyce na mama yake chumba katika nyumba ya wageni tuliyofikia. Wahadzabe tukawasahau.

Nduguti ni mji wa ofisi mpya na ng'ombe wa zamani. Ng'ombe hupita mbele ya majengo ya serikali kana kwamba wana miadi. Tulikula chapati kwa maharage asubuhi na wali kuku jioni. Mama Joyce, asiyezoea kukaa bure, siku ya pili aliingia jikoni kwa mama wa nyumba ya wageni akaanza kumenya vitunguu.

Hapo barazani ndipo Anneke alipomuuliza Neema nani anawachanja mbwa wa huku. Neema alisema uliwahi kuwapo mradi, mbwa wakachanjwa, mradi ukaisha. Mbwa waliochanjwa wamekufa kwa uzee, na waliozaliwa baadaye hawajui sindano. Yeye hufika vijijini na sanduku lake la chanjo, lakini vijiji ni vingi. Anneke akasema wao wawili wako tayari kulipia mbwa wa kijiji kizima. Nilitegemea Neema atafurahi. Badala yake aliniomba nitafsiri bila kupunguza.

"Mwambie asante, na namaanisha. Lakini mbwa wanazaa kila mwaka, na yeye haji kila mwaka. Akilipa leo akaenda, mwaka kesho kutwa nitakuwa hapa hapa na mtoto mwingine."

Anneke hakuchukia. Alisema kwamba kwenye ndege alilipia zaidi ili apate nafasi ya kunyoosha miguu, na hotelini alilipia chumba chenye dirisha la kutazama ziwa, na katika safari zake zote hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kama angependa kuongeza kitu kidogo ili watu wa mahali anapokwenda wasiugue. Angekubali. Anaowajua wengi wangekubali, mradi waambiwe inakwenda wapi. Na akaniambia mimi, bila kuulizwa, kwamba kule Mgori alisema neno baya. Ugonjwa uliowang'ata mumewe na Joyce saa ile ile, kwa meno yale yale, hauwezi kuwa wa watu fulani.

Nilimwambia nilishasahau. Nilimdanganya, lakini kuanzia hapo nilisahau kweli.

Wakati huohuo habari zilikuwa zimetutangulia kwa njia zake. Pieter alimwambia mhudumu kwamba anawahurumia mbwa wa huku na anataka kufanya kitu juu yao. Mhudumu akaelewa anataka mbwa. Siku ya tatu tuliamka tukakuta wanaume watano nje na mbwa wao kwenye kamba, wakiuliza mzungu ananunuaje, kwa mmoja au kwa jumla. Elia, mtu wa maneno machache, alicheka mpaka akaegemea gari. Neema hakucheka. Alikwenda kuchukua sanduku lake, na wale mbwa watano wakarudi makwao wamechanjwa.

Mkutano

Baada ya sindano ya pili tuliwarudisha Joyce na mama yake. Neema alimwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe watu. Walikaa kwenye madawati nje ya shule. Pieter na Anneke walieleza wanachotaka, yaani watoe wao na wasafiri wengine waombwe, ili mbwa wote waandikwe na kuchanjwa kila mwaka; mimi nikatafsiri, na Elia akawatafsiria wazee.

Hawakupigiwa makofi. Mzee mmoja aliuliza kama mbwa wakishaandikwa watatozwa ushuru. Mwingine aliuliza mbona mbwa, wakati kisima kimebomoka. Maswali yalikuwa ya haki, na Neema alijibu lile aliloliweza, la ushuru. Mzee Shila alikaa mwisho kabisa, mbali na wenzake. Watu walikuwa wamempa nafasi pande zote mbili.

Ndipo mama mmoja kijana, akimnyonyesha mtoto, akanigeukia mimi. Hakuwageukia Waholanzi.

"Shangazi, hawa wametoka mbali na wamesema watatoa. Wewe umetoka mjini. Wewe si mgeni hapa?"

Nilikuwa nimesimama katikati siku zote hizo, nikibeba maneno ya huku kuyapeleka kule, na nilijihesabu mwenyeji. Lakini nilikula chakula cha Mama Joyce, nililala nyumbani kwake, na barabara yao nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza kama Anneke. Nikasema ndiyo, mimi ni mgeni, na mimi nitatoa. Nikasema pia kwamba kila atakayepanda gari la mpwa wangu kuja huku ataombwa, mzungu au Mtanzania, na atakayekataa atasafiri tu, hatalazimishwa. Sikuwa nimemuuliza Hamisi. Neema akaongeza kwamba kamati ya kijiji itazishika hizo fedha, na kila mwenye mbwa atamleta mbwa wake mwenyewe kwa kamba yake.

Hapo ndipo mwenyekiti alipoliuliza baraza, na mikono ikanyooshwa, si yote, lakini mingi.

Kurudi, na siku niliyorudi tena

Tuliwarudisha wageni Singida. Hawakuona Wahadzabe. Pale stendi niliwaomba radhi kwa hilo, na Pieter akasema amekwenda nchi nyingi akaona mengi, ila hajawahi kumsikia mama ambaye mtoto wake anaweza kufa akisema aanze mgeni. Alinishika mkono kwa ule usiofungwa bendeji, wakapanda basi.

Hamisi alinung'unika siku mbili, kisha akawaomba mchango wageni wake waliofuata, kundi la walimu kutoka Mbeya. Wote walitoa. Mmoja aliuliza kwa nini hawakuombwa safari iliyopita.

Joyce amemaliza sindano zake zote, alhamdulillahi, na siku zimepita nyingi, na ni mzima. Siku ya kuchanja mbwa nilikwenda mwenyewe na Elia. Niliogopa watu hawatakuja. Walikuja tangu asubuhi, na mbwa wa kila rangi, wengine wanavutwa, wengine wanavuta. Kazi ngumu haikuwa sindano, ilikuwa kuwashika, maana mbwa wa kulinda ng'ombe hazoei kushikwa na mtu.

Aliyewashika alikuwa Mzee Shila. Hana mbwa tena, lakini alifika kabla ya Neema. Alimpokea kila mbwa kwa mwenyewe, akamweka katikati ya magoti, akamshika shingo kwa upole huku akimnong'oneza, mmoja baada ya mwingine, bila kupumzika. Mchana aliniomba, kama nitayaandika haya, nisitaje kijiji. Nikamwahidi.

Jua lilipoanza kupungua mbwa walikwisha. Watu walitawanyika, naye akabaki ameketi kwenye dawati, mikono imechubuka. Mama Joyce akaja kutoka kwake amebeba sinia lililofunikwa. Tangu siku mbwa alipomng'ata Joyce walikuwa hawajasemezana. Aliliweka mbele ya mzee, akamnawisha mikono kwa jagi, akafunua. Ulikuwa ugali na kuku mzima. Kisha hakuondoka. Aliketi upande wa pili wa sinia, akamega tonge la kwanza, naye mzee akamega lake.